Mbuzi ya Bibi Nayo ni Sanaa

Mbuzi ninayokunia nazi ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, Pangani. Ni mbao mbili zilizokatizana, moja imepenya katikati ya nyingine. Ukiikunjua inasimama, ukimaliza unaikunja, inalala bapa, unaiegemeza nyuma ya mlango. Pale pa kukalia fundi amechonga bonde kidogo, na ukingoni ametia nakshi na ua moja, ambalo sasa limefifia kwa miaka mingi ya kukaliwa. Mbele shingo imeinuka, nyembamba, na mwishoni umechomekwa ulimi wa chuma wenye meno.

Hii ni sanaa, na inaniuma tunavyolibania neno hilo. Kinyago cha Kimakonde tunakiita sanaa. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu inapigwa picha kila siku, na miji yenyewe imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000 na 2001. Yote ni haki yake. Lakini mlango ulitazamwa na wageni wa bwana mwenye nyumba, mbuzi ikakaliwa na mwanamke jikoni. Naamini ndiyo sababu haikuhesabiwa.

Mwaka juzi nilinunua nyingine sokoni, ya kupigilia misumari. Ilikuwa inacheza. Ukikandamiza kizio, ile nusu ya nazi, inateleza mbele, na wiki ya pili ilinichana kidole gumba. Hapo ndipo nilipolielewa lile bonde: linakutuliza, uzito wako unaibana mbuzi chini, mikono inabaki na kazi moja tu, kukizungusha kizio na kuacha kabla meno hayajafika kwenye ganda la kahawia, machicha yabaki meupe. Na shingo imeinuka vile ili sinia lienee chini yake. Aliyeichonga aliujua mwili wa mkunaji.

Mashine za sokoni zinakuna haraka, na siku ya shughuli hata mimi nazipelekea nazi. Ila mafundi wa nakshi bado wapo, wanachonga vitanda na milango ya hoteli, na sisi hatuwaagizi vitu vya jikoni.

Mwezi uliopita nilimpelekea mmoja mbuzi ya bibi aipime, anichongee nyingine ya binti yangu anayeolewa. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole ukingoni, akauliza, "Na ua, mama?"

Na ua, mwanangu.