Ufunguo wa Kituo cha Maji Akae Nao Nani?

Kila kaskazi, wageni wakijaa kijiji cha Shela, hoja ile ile hurudi kwenye baraza za Lamu: tuweke vituo vya kujazia maji ya kunywa, viendeshwe na kina mama wa mtaa, ili hizi chupa tunazoziokota mikokoni zipungue. Na mwenye hoja hakosi kutaja Nepal.

Mfano wenyewe ni mzuri. Katika njia ya kuzunguka milima ya Annapurna, kijiji baada ya kijiji kuanzia bondeni hadi Manang na kushukia Jomsom, viliwekwa vituo vinavyosafisha maji kwa ozoni. Mradi wa hifadhi ya Annapurna ulivianzisha zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa msaada wa serikali ya New Zealand, kisha vikakabidhiwa vikundi vya wenyeji, vingi vya akina mama. Mpanda mlima anakuja na chupa yake, anajaza lita moja, analipa, anaendelea. Ozoni huua vijidudu bila kuacha ladha ya dawa, na hakuna kuni za kuchemshia zinazokatwa.

Ila kilichovibeba vituo hivyo zaidi ni mwinuko wa mlima. Chupa ya dukani ilipandishwa kwa mgongo wa mpagazi au nyumbu, hivyo kila kijiji cha juu kiliiuza ghali kuliko cha chini. Ukikaribia mpito wa Thorong La, mita 5,416 juu ya bahari, maji ya kituo yalikuwa nafuu bila mtu kuhubiriwa mazingira. Kisha barabara ya magari ikachongwa hadi Manang. Katoni za maji zikapanda kwa gari, na siku hizi wapanda mlima husimulia kwamba baadhi ya vituo wamevikuta vimefungwa.

Hapo ndipo sisi tulipo. Hatuna mlima. Lami kutoka Garsen imefika, katoni inashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, inavuka kwa boti muda mfupi tu, punda anaifikisha dukani Langoni. Kikundi cha kina mama kitashindana na chupa rahisi, tena baridi, kwa mteja mwenye kiu ya saa saba mchana. Anayedhani bei peke yake itatuletea wateja, hesabu zake amezifanyia Nepal.

Na kuna chumvi. Maji yetu matamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakiwa yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ozoni haiondoi chumvi hata chembe. Inayoiondoa ni mashine inayoyasukuma maji kwa nguvu kupita utando mwembamba, na hiyo inataka umeme, vipuri, fundi, na mahali pa kumwaga maji makali ya chumvi yanayobaki. Kule Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, shirika la Kimarekani la GivePower liliweka mtambo wa namna hiyo wa nishati ya jua mwaka 2018, kwa hiyo jambo linawezekana. Lakini si kazi ya mama mmoja na ndoo.

Kwa upande wa faida, vijidudu si jambo geni kwetu. Nyumba kongwe zina birika la kuhifadhia maji, na ndani yake wazee waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Watu wa namna hii hawahitaji semina kuelewa maana ya maji safi. Kituo kingewasaidia wenyeji kabla ya mgeni, hasa wanaonunua maji kwa dumu wakati visima vimebadilika ladha.

Tatizo ni hilo neno kununua. Nilimwuliza bibi mmoja wa jirani kama angelipa. Akanitazama kama niliyemwomba auze msala wake. “Mwanangu, maji huwekwa sabili. Leo wataka mpita njia alipie?” Ni kweli: mtungi wa maji mlangoni ni sadaka ya kumwombea marehemu. Wengine wanapendekeza mgeni alipe, mwenyeji anywe bure. Sawa, lakini aliyetoka Mombasa kuja Maulidi ni mgeni au mwenyeji? Mabishano ya hapo bombani nayaona tayari.

Mimi naunga mkono vituo, kwa sharti moja ambalo wafadhili hulipitia haraka. Katika kisiwa kimoja cha jirani niliona mashine ya kuchujia maji, bamba la mfadhili likimeta, bomba limefumwa utando wa buibui. Nilimwuliza kijana wa duka la pembeni. “Ufunguo anao mwenyekiti,” akasema, “na mwenyekiti yuko Mombasa.” Huku akinisogezea chupa, tena baridi.

Kwa hiyo ningeanza na kituo kimoja tu, jirani na gati, ufunguo wapewe akina mama wawili wanaouza mahamri hapo kila asubuhi, maana wao hawaendi popote. Wenyeji wapewe kikombe sabili. Anayejaza chupa, awe wa Mombasa au wa Ulaya, alipe. Fedha za kichujio kijacho ziwekwe kando kabla ya mtu yeyote kulipwa posho. Na huyo kijana wa duka naye aingizwe kwenye kikundi, la sivyo chupa yake itashinda.