Kikao cha Kabatini

Naandika haraka kwa sababu jamaa mmoja wa uhasibu (sikutaji, unajijua) ameshanitangulia kwenye magrupu. Eti nilikutwa kabatini nikimkimbia mke. Mwingine kaongeza chumvi, eti nilikuwa na kaptula ya kulalia. Naomba kurekebisha kumbukumbu: kaptula ilikuwa ya mazoezi, na kabatini niliingia kwa hiari yangu.

Wiki 2 nzima nilikuwa namwahidi binti yangu wa miaka 6 lisaa limoja la kucheza, na wiki 2 nzima lisaa hilo lilikuwa linaliwa na kazi. Alhamisi nikaapa: ikifika saa 11 jioni, mimi ni wa mtoto. Saa 10 na dakika 50 ukaingia ujumbe wa Mkuu: "Kikao kifupi mtandaoni saa 11. Dakika 5 tu."

Sasa dakika 5 za Mkuu wetu mnazijua. Kuna Mwingereza mmoja, Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliyopewa. Angehudhuria vikao vyetu angeona kazi inajaza muda wake, halafu inahamia kwenye muda wa jirani. Ndiyo maana hapa nyumbani, kwa utani wa ndani kabisa, Mkuu anaitwa Bwana Dakika Tano. Lishikeni hilo jina.

Ndipo likanijia wazo, na wakati ule niliona ni la mtu mwenye akili nyingi. Mchezo wa kujificha unataka nini? Unyamaze, usionekane. Kikao cha watu 23 kinataka nini kwa mtu wa cheo changu? Unyamaze, usionekane. Basi nikazima kamera, nikazima maiki, nikachomeka spika za masikioni, nikajikunja ndani ya kabati la mke wangu katikati ya magauni. Nje binti anahesabu: "...kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi, ishirini!" Masikioni Mkuu anafungua kikao. Nikajiona baba bora na mfanyakazi bora kwa pamoja, mkanda wa gauni ukinitekenya shingo.

"Takwimu za mwezi uliopita. Mwenzetu yupo?"

Mwenzetu ni mimi. Nikafungua maiki, nikanong'ona, "Nipo, Mkuu."

"Mbona unanong'ona?"

"Sauti imenikauka, Mkuu."

Pole zikamiminika. Mmoja akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Nikasoma takwimu zangu kwa sauti ya mgonjwa, nikamaliza, na hapo ndipo nilipokosea: sikufunga maiki. Halafu spika moja ikachomoka sikioni, ikadondokea ndani ya kiatu. Nikainama kuitafuta, simu nimeibana gotini, na dole gumba langu likagusa pasipotakiwa.

Nisimulie taratibu, maana tangu siku ile kichwa changu kinairudia taratibu hivyohivyo. Kwanza kwenye kioo cha simu naona kiboksi kimoja kimewaka. Ndani yake kuna matundu mawili ya pua. Najiuliza, nani huyu kaweka kamera chini namna hii? Nainua kichwa, na yule mwenye pua anainua kichwa. Nyuma yake naona gauni jekundu. Nalifahamu gauni lile.

Mlango ukafunguliwa.

"NIMEKUONAAA!"

Binti akajitupa ndani, akanikalia mguuni, akaiona simu na zile sura zote zimetulia zikitutazama. Akauliza kwa upole kabisa, "Baba, na hawa wanajificha?" Sikujibu. Akasogeza kidole, akakipitisha boksi moja hadi jingine, kikasimama juu ya mzee mwenye miwani.

"Huyu ndiye Bwana Dakika Tano?"

Jamani. Dada wa mapokezi alijifunika uso kwa faili. Yule wa uhasibu mabega yalianza kucheza, kisha kamera yake ikazimika. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nami nikabonyeza kitufe haraka, nikaanza kuomba radhi. Radhi ndefu, ya kutoka moyoni, mkono kifuani. Nilipofika mwisho dada wa mapokezi akasema, "Hatukusikii." Nilikuwa nimefunga maiki. Yaani ilipotakiwa kufungwa ilikuwa wazi, na ilipotakiwa kuwa wazi nikaifunga, watu 22 wakabaki wananitazama nikichezesha mdomo kabatini.

Mnamkumbuka profesa Robert Kelly, aliyekuwa akihojiwa na BBC Machi 2017 akiwa nyumbani kwake Korea Kusini, watoto wakamwingilia chumbani hewani mubashara? Dunia nzima ilimcheka. Lakini yule alikuwa kakaa kwenye kiti, kavaa tai. Na wanawe hawakumwambia mtu jina lake la utani.

Mengine ni mafupi. Mkuu alisema, "Nadhani tuishie hapo," na kikao kikafungwa dakika ya 9, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wenzangu wanadai niwe naingia kabatini kila wiki. Ijumaa akaniita ofisini, "dakika 5 tu." Tukakaa 40. Kuhusu takwimu hakugusa. Alitaka kujua jina nani kalitunga, nikasema mtoto (Mungu anisamehe), akacheka, akasema wanawe walipokuwa wadogo walimwita Nakuja Sasa Hivi. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia niende.

Mke wangu naye anadai gauni jekundu lipelekwe kwa dobi, kwa gharama zangu.

Aliyekataa kabisa kusamehe ni binti. Kasema ule mchezo hauhesabiki, nilifanya wizi. Mtu anajificha peke yake, mimi nimeingia kabatini na watu wengi.