Epoksi usiiweke kwenye bati

Mvua zikikaribia hapa Kigoma, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanga hujaa watu wanaotafuta "gundi ya kuzuia maji". Muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Ni nadra akuulize unaziba nini, na hilo linaniuma, maana epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa zikaganda, na akriliki, ya kupaka kama rangi, zinakaa rafu moja lakini kazi zake ni mbalimbali kabisa.

Mwaka juzi paa langu lilivuja kwenye maungio ya bati. Fundi akanishauri tutie epoksi kwa kuwa ikikauka inakuwa jiwe. Nikakubali, na kweli ikawa jiwe. Kiangazi kilipopita nikapanda ngazi, nikaikuta imepasuka urefu wote wa ungio na kubanduka pembeni kama magamba ya samaki. Bati la chuma la mita 3, joto lake likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, hurefuka karibu milimita moja na nusu, na usiku hurudi. Kila siku ya Mungu. Jiwe litanyumbuka wapi? Tena jua huigeuza epoksi isiyofunikwa rangi ikawa ya manjano, kisha ikaanza kutoa unga kama chaki.

Niliikwangua yote, nikasugua kutu, nikapaka akriliki ya paa, nikalaza kitambaa cha wavu juu yake ikiwa bado mbichi, kisha nikapaka tena. Akriliki ya aina hii hukauka kwa kupoteza maji yake, kwa hiyo husinyaa. Kupaka mara moja hakutoshi, na ukipaka wingu limeshajikusanya umeinywesha mvua bure. Lakini ikishakauka hunyumbuka pamoja na bati, na jua inalivumilia.

Wajenzi wa maboti pale Kibirizi hawahitaji somo hili. Mbao ikiwa ziwani hunywa maji ikavimba, ikivutwa ufukweni hukauka ikajikunja. Ndiyo maana hupigwa kalafati, pamba ikagongwa kwenye maungio ibanwe na mbao yenyewe. Kujaza epoksi ngumu kwenye maungio ya boti kama hilo ni kushindana na mti. Boti lililojengwa kwa mbao kavu, likafunikwa lote epoksi na nyuzi za kioo ili maji yasiingie kabisa, hilo ni jambo jingine, na hapo naivulia epoksi kofia.

Naivulia pia kwenye zege. Ufa wa tangi la saruji uliokwisha kutulia, boli inayopandwa sakafuni kushika mashine, chuma kwa chuma: hapo sioni sababu ya kuhangaika na kingine. Akriliki ya maji ukiizamisha siku zote hulainika na kuachia. Ila kwa tangi la maji ya kunywa, nunua epoksi ambayo kopo lake limeandikwa wazi kuwa inafaa kwa maji ya kunywa, na uiache ikomae siku zote zilizotajwa kabla ya kujaza.

Kinachoharibu epoksi nyingi mjini kwetu ni kipimo. Mafundi huzidisha hadina, ile sehemu ya pili inayoigandisha resini, wakidhani itawahi kukauka. Sivyo. Resini na hadina huungana kwa uwiano wake, nyingine kipimo kimoja kwa kimoja, nyingine viwili kwa kimoja. Ukizidisha, ile ya ziada haina wa kuungana naye, na kazi hubaki laini au yenye kunata. Usichanganye kopo zima kwa mara moja pia, maana mchanganyiko mwingi ndani ya chombo kimoja hupata moto hadi kufuka moshi. Na vaeni glavu, ndugu zangu. Hadina ikizoea kugusa ngozi huleta mzio, na mzio huo ukishakupata hauondoki.

Yale matangi meusi ya plastiki ni polithilini, na juu yake epoksi wala akriliki haishiki sawasawa. Tangi likipasuka, tafuta fundi wa kuchomelea plastiki kwa joto.