Kompaila ni ya nani: ya mfumo mzima au ya kila kifurushi?

"Mwalimu, jana ilikubali, leo imekataa." Maneno hayo niliambiwa na mwanafunzi wa uzamili katika maabara ya chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza seva za utafiti. Programu yake ya lugha ya Fortran, aliyoirithi kutoka kwa wanafunzi waliomtangulia, ilikuwa ikisoma vipimo vya mvua vya vituo mbalimbali na kuviandaa kwa ajili ya modeli ya hali ya hewa. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeihamisha seva kutoka mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04 hadi Ubuntu 22.04, na katika mabadiliko mengi ambayo hakuna aliyeyatazama moja moja, kompaila ya gfortran, yaani programu inayougeuza msimbo wa Fortran kuwa amri za mashine, ilikuwa imeruka kutoka toleo la 9 hadi la 11. Katika msimbo wake haikuwa imebadilika hata herufi moja.

Kilichobadilika ni hiki. Kuanzia toleo la 10, lililotoka Mei 2020, gfortran huikataa faili ambamo utaratibu mmoja unaitwa mahali pawili kwa aina mbili tofauti za data. Matoleo ya awali yaliipitisha, ama kwa onyo ama kimyakimya. Msimbo wa kijana huyu ulikuwa na utaratibu wa kuandika data kwenye faili, ambao katika mstari mmoja ulipewa namba za vituo, yaani namba kamili, na katika mstari wa chini yake ukapewa milimita za mvua, ambazo ni desimali. Kwa kuwa zote mbili huchukua baiti 4, faili ilikuwa ikitoka sawasawa miaka yote hiyo. Kompaila mpya haikukosea kuukataa msimbo huo, kwa sababu siku ambayo mtu angezifanya desimali ziwe za baiti 8, data ingevurugika bila yeyote kuambiwa. Mwanafunzi naye hakukosea kusema kwamba majibu yake ya jana yalikuwa sahihi, tena zilikuwa zimebaki wiki mbili awasilishe tasnifu.

Tukio hilo ni dogo, lakini linafungua swali ambalo watunzaji wa vifurushi vya programu, yaani programu na maktaba zilizofungashwa ili zisakinishwe, hulijibu kwa namna mbili zinazopingana: je, toleo la kompaila liamuliwe mara moja kwa ajili ya mfumo mzima, au kila kifurushi kiwe na haki ya kutaja toleo lake? Niliwahi kuutetea upande wa kwanza kwa ukali, kisha nikauhama, na sasa naona kwamba pande zote mbili huchanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe: nani anaichagua kompaila, na kama chaguo hilo limeandikwa mahali.

Debian, mfumo endeshi ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa jibu la kwanza. Humo unaweza kusakinisha kompaila kadhaa za GCC, familia ambamo gfortran imo, zikakaa pamoja bila kugombana, lakini jina tupu la gcc huelekeza kwenye moja tu, iliyochaguliwa kwa ajili ya toleo zima: ya 10 katika Debian 11, ya 12 katika Debian 12, na ya 14 katika Debian 13 iliyotoka Agosti 2025. Maelfu ya vifurushi hukompailiwa kwa hiyo moja, isipokuwa pale mtunzaji anapokuwa na sababu ya kutaja nyingine.

Anayedhani utaratibu huo ni ukaidi wa wazee na akumbuke yaliyotokea mwaka 2015. Kiwango cha C++ cha mwaka 2011 kilikuwa kimepiga marufuku namna ambavyo GCC ilikuwa ikihifadhi maandishi kwenye kumbukumbu, ambapo nakala mbili ziliweza kutumia hifadhi moja hadi mojawapo ibadilishwe. GCC 5, iliyotoka Aprili mwaka huo, ikaleta mpangilio mpya. Tangu hapo, maktaba (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi) iliyokompailiwa kwa mpangilio wa zamani na programu iliyokompailiwa kwa mpangilio mpya ziliposhikana mikono kupeana maandishi, mkono mmoja haukuukuta mwingine: kiunganishi, yaani zana inayoziunganisha sehemu za programu, kililalamika kwamba kazi (function) inayotafutwa haipo, ilhali ipo, ila kwa sura nyingine. Debian ililazimika kuzijenga upya maktaba za C++ zilizoguswa na kuzibadilisha majina ya vifurushi kwa kuziongezea v5 mwishoni, ili ya zamani na mpya zisichanganyikane. Kazi ya namna hiyo haiwezekani pale ambapo kila mtunzaji amejichagulia kompaila yake. Mmoja angehama, jirani yake angebaki, na mtumiaji wa kawaida ndiye angelipa kwa programu isiyofunguka.

Jambo la pili linaloupa nguvu upande huu halionekani kwa urahisi, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. GCC 14, ya Mei 2024, iligeuza kuwa makosa mambo ambayo lugha ya C ilikuwa imeyaondoa tangu mwaka 1999, likiwemo lile la kuita kazi ambayo haijatangazwa popote. Zamani kompaila ilijikisia kwamba kazi hiyo inarudisha namba kamili. Kwenye mashine za biti 64, iwapo kwa kweli inarudisha anwani ya kumbukumbu, nusu ya anwani hukatwa. Basi ni vizuri kwamba hukataliwa. Lakini vifurushi vingi, kabla ya kukompailiwa, huendesha skripti inayojaribu vijiprogramu vya mistari michache ili kujua mfumo una uwezo gani, na vijiprogramu hivyo navyo viliandikwa kizamani. Kompaila mpya ikivikataa, skripti haisemi kwamba pana kosa. Inahitimisha kwamba uwezo huo haupo, inauzima, na kuendelea. Kifurushi kinajengwa hadi mwisho, kila kitu kinaonekana kijani, kumbe kimepungukiwa na kitu ambacho jana kilikuwa nacho. Watu wa Fedora, mfumo endeshi mwingine, walizipekua skripti za namna hii kabla ya Fedora 40 kutoka na GCC 14, na marekebisho yao yakarudishwa kwa wenye programu, yakamfaa kila mtu. Walioifanya kazi hiyo ni jumuiya iliyokubaliana kuhamia kompaila moja kwa wakati mmoja. Pale ambapo kila kifurushi kinaruhusiwa kubaki na kompaila ya babu yake, hakuna anayelazimika kuitazama skripti yake.

Hata hivyo mwanafunzi wangu bado amesimama pale, na upande wa kwanza hauna cha kumwambia zaidi ya kwamba arekebishe msimbo wake.

Upande wa pili una cha kumwambia. Katika Nix, zana ya kusimamia vifurushi ambayo msingi wake ni tasnifu ya uzamivu ya Eelco Dolstra ya mwaka 2006, na katika Guix iliyoifuata, kila kifurushi hukaa kwenye saraka ambayo jina lake lina heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, inayotokana na kila kilichokijenga: msimbo chanzo, swichi (maagizo inayopewa kompaila), maktaba, na kompaila yenyewe. Ukibadilisha kompaila, heshi inabadilika, na kifurushi kipya kinakaa kando ya cha zamani bila kukigusa. Kuhama kwetu kwa usiku ule kusingeigusa programu ya mtu yeyote aliyekuwa ametaja mazingira yake. Spack nayo, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani kwa ajili ya kompyuta kubwa za sayansi, humruhusu mtumiaji kuandika hdf5%gcc@11 akapata maktaba ya data ya HDF5 ikiwa imejengwa kwa kompaila hiyohiyo aliyoitaja. Kwa watu wa Fortran hili ni la lazima kabisa, kwa kuwa faili za moduli zilizotolewa na gfortran hazisomwi na kompaila ya Intel, na kwa sababu hiyo anayetaka kuijenga modeli ya hali ya hewa ya WRF lazima awe na maktaba ya data ya NetCDF iliyojengwa kwa kompaila ileile.

Kuna pia hoja ya kisayansi ambayo mtunzaji wa seva hana haki ya kuipuuza. Kompaila huweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja, ambapo desimali hukadiriwa mara moja badala ya mara mbili. Clang, kompaila nyingine ya C na C++, ilianza kufanya hivyo bila kuombwa katika toleo la 14, mwaka 2022. Tofauti huwa katika tarakimu za mwisho, na katika modeli ya hali ya hewa tarakimu za mwisho za leo huweza kukua zikawa mvua ya wiki ijayo. Mtafiti asiyeweza kusema ni kompaila gani iliyomtolea majibu yake hawezi kumwalika mwenzake ayapime.

Sasa gharama. Katika Nix, kwa kuwa kompaila ya msingi imo ndani ya heshi ya karibu kila kitu, kuibadilisha kunamaanisha kujenga upya karibu kila kitu, na ndiyo maana mabadiliko ya aina hiyo hukusanywa kwenye tawi maalumu na kujengwa kwa mkupuo. Vifurushi vilivyojengwa tayari hupakuliwa kutoka kwenye hifadhi ya pamoja, lakini kupakua nako kuna bei. Mwanafunzi anayefanya kazi usiku nyumbani kwake mtaa wa Kahawa kwa bando la simu hawezi kuchukulia kwamba kupakua upya mfumo mzima ni jambo la kupita tu. Akiamua kujijengea mwenyewe, kuikompaili GCC peke yake huweza kuimeza laptopu ya kawaida kwa saa nyingi, na stima ikipotea katikati, hesabu inaanza upya. Walioibuni mifumo hii walifanya kazi kwenye vyuo na maabara zenye mtandao wa kasi, na siwalaumu kwa hilo. Ila anayeipendekeza Nairobi anapaswa kuihesabu gharama hii waziwazi mbele ya mtu atakayeilipa.

Gharama nyingine ni ya kiufundi, na haiondolewi na mtandao wa kasi. Kompaila nyingi huleta maktaba nyingi za kuendeshea programu, na programu moja haiwezi kuzibeba zote kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kuchanganya mazingira ya Python na maktaba za mfumo amewahi kukutana na ujumbe kwamba GLIBCXX_3.4.29 haikupatikana. Alama hiyo ilikuja na GCC 11, na maana yake ni kwamba kipande kimojawapo kilijengwa kwa kompaila mpya ilhali maktaba ya C++ iliyotangulia kupakiwa ni ya zamani. Maktaba mpya huzihudumia programu za zamani, ya zamani haizihudumii mpya. Spack iliishi miaka mingi na udhaifu huu, kwa kuwa ilizichukulia kompaila kama sifa ya kifurushi na haikuzihesabu miongoni mwa vitegemezi vyake. Ni katika toleo la 1.0, la Julai 2025, ndipo kompaila ilipokuwa kitegemezi kamili kama kingine chochote. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito: hata mfumo uliojengwa juu ya uhuru wa kuchagua ulihitaji zaidi ya muongo mmoja kuufanya uhuru huo uwe salama.

Zipo njia za kati. Red Hat, kampuni ambayo toleo la 7 la mfumo wake endeshi lilibaki na GCC 4.8 tangu mwaka 2014 hadi matunzo yake ya kawaida yalipokoma Juni 2024, iliwapa watumiaji kompaila mpya pembeni, ikizifungia ndani ya programu zile sehemu za maktaba ambazo mfumo wa zamani hauna, ili programu iendelee kufunguka kwenye mashine zote. Lugha ya Go ilichukua njia nyingine: kuanzia toleo la 1.21 la Agosti 2023, mradi huweza kutaja toleo la Go linalohitajika na zana ikalipakua yenyewe. Napenda kwamba toleo limeandikwa ndani ya mradi. Sipendi upakuaji usioombwa, na kwenye seva zetu nimeuzima, ili aliyekosa toleo aambiwe hivyo na aamue mwenyewe kama atatumia bando lake.

Ndipo narudi kwenye yale mambo mawili. Kuhusu nani achague, nasimama na Debian: kompaila moja iwe ya kawaida kwa wote, ihamishwe kwa pamoja, na anayetaka nyingine aandike sababu inayosomeka na mwenzake. Kuhusu kuandika, nasimama na Nix bila masharti: toleo la kompaila ni sehemu ya kifurushi kama ulivyo msimbo wake, na kifurushi kisichoweza kulitaja hakijakamilika. Mambo haya hayagongani. Debian yenyewe, inapojenga kifurushi, hutoa faili ya buildinfo inayoorodhesha matoleo ya vyote vilivyoshiriki, kompaila ikiwemo, na ikigundulika kesho kwamba toleo fulani la kompaila lilikuwa likizalisha msimbo mbovu, orodha hiyo ndiyo itakayosema ni vifurushi gani vijengwe upya. Kosa letu usiku ule halikuwa kuihamisha seva. Lilikuwa kuihamisha bila mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza, kuwa ameandika matokeo ya nani yalitoka kwenye kompaila ipi.

Tuliisakinisha gfortran-9, ambayo Ubuntu 22.04 bado inayo katika hazina yake, kando ya ile ya 11. Mwanafunzi akaikompaili programu yake kwa hiyo, akaifananisha faili iliyotoka na ya juzi kwa sha256sum, zana ya kukokotoa heshi ya faili, zikalingana. Baada ya kuitetea tasnifu alirudi, akaugawa ule utaratibu kuwa miwili, mmoja wa namba kamili na mmoja wa desimali, chini ya jina moja la pamoja, akaikompaili kwa 11, na faili ikatoka ileile baiti kwa baiti. Kando ya data yake sasa ipo faili ndogo ya maandishi yenye mistari mitatu: jina la kompaila na toleo lake, swichi zilizotumika, na heshi ya matokeo.