Shaba ya Elfu Nne

Najua rafiki yangu Mudi ameshawasimulia kwenye grupu kwamba umeme ulinitoa bafuni uchi mpaka barabarani. Sikufika barabarani. Niliishia sebuleni, tena nilikuwa na ndoo.

Hita ya bafuni tuliiweka Juni, kwa baridi ya Dar (nyie wa Mbeya chekeni tu). Wiki iliyopita friji likaanza kututekenya. Mama Nasra akilalamika kwamba linauma, namwambia avae ndala. Hapo ndipo ufundi wangu wa umeme ulipoishia.

Jumamosi jioni, Mudi yuko sebuleni ananisubiri twende kwenye mpira. Mimi nimejipaka sabuni mpaka kwenye kope. Macho nimefumba, niko peku kwenye sakafu iliyolowa, nikanyoosha mkono kupapasa koki. Ile ya chuma.

Wadau, koki ikanishika. Vidole vilijikunja vyenyewe. Naviamuru viachie, havisikii, vimeshapata bosi mwingine. Meno yanagongana kama visoda kwenye kopo. Nataka kusema "zima", inatoka "z-z-z-z". Sabuni nayo ikaona huo ndio wakati wa kuingia jichoni. Jikoni ikatoka sauti, ya upole kabisa:

"Baba Nasra, punguza kuimba, mtoto amelala."

Kuimba!

Nikaongeza ubeti. Huo wa pili ndio uliomshtua. Akachungulia, hakunigusa (ningekuwa mimi ningemrukia, tungekwenda wote), akakimbilia meni swichi. Giza. Nikachomoka na ndoo, nikakumbana na Mudi na tochi ya simu. Mengine mmeyasoma kwenye grupu.

Fundi alipofungua akakuta koili ya hita imepasuka, umeme unavujia kwenye maji. Nikamuuliza mbona breka haikukata. Akacheka. Breka ile ya ampea 32 inasubiri mzigo wa kuizidi. Umeme wa kuua mtu kwake ni kama haupo. Wa kuushtukia ni RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, ambayo sina. Lakini bado, akasema, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulitakiwa kuupeleka umeme huo ardhini. Akazunguka nyuma ya nyumba. Ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, ipo. Waya wa kushukia kwenye rodi haupo.

"Nani kakata hapa?"

"Wezi," nikasema.

"Wezi gani?" Mama Nasra huyo. "Si ule uliosema unaning'inia tu, ukampimia wa vyuma chakavu?"

Shilingi 4,000. Nilikula chipsi mayai. Umeme wa hita ukakosa pa kwenda, ukawa unatembea kwenye nyaya zote za ethi mpaka kwenye friji, unatafuta mtu wa kushukia. Ukanipata mimi.

Fundi ameweka waya mpya na RCD, na bomba la bafuni ameliunganisha na ethi, ili bomba na hita visitofautiane umeme, usipate sababu ya kupita kwa mtu. Bei msiniulize.

Leo asubuhi yule wa vyuma chakavu kapita na spika yake. Akasimama getini, akauliza kama ile shaba imebaki.