Jini la Mguu Mmoja

Kazi yangu ni kuchunguza kwa nini watu hawafanyi jambo ambalo wanajua fika kwamba linawafaa. Muulize mtoto yeyote wa darasa la tatu, atakwambia: ukitoka chooni, nawa kwa sabuni. Hata wimbo wake anao. Halafu anatoka chooni, anajifuta kwenye kaptula, anakimbilia ubuyu. Sisi watafiti wa tabia tunalipwa, mwezi mwingine, kukaa katikati ya huo wimbo na hiyo kaptula.

Safari hii tulikuwa na wazo la kuiga. Huko Bangladesh, katika shule mbili za msingi, watafiti walitengeneza njia ya rangi kutoka chooni hadi penye maji na sabuni, wakachora nyayo juu yake, bila kumhubiria mtu. Kabla ya hapo, walionawa kwa sabuni walikuwa asilimia 4. Kesho yake wakafika 68, na baada ya wiki sita 74. Bila hotuba hata moja! Kamati ya maadili ilipotuuliza kama utafiti wetu una hatari yoyote kwa washiriki, nikaandika kwa mkono wangu: hakuna.

Shule ilikuwa wilaya ya Pangani. Jumapili jioni, watoto hawapo, nikavua kiatu, nikakanyaga boksi la biskuti, nikauchora unyayo wangu wa kulia na kuukata kwa wembe. Ukiligeuza hilo boksi unapata wa kushoto. Nilijiona mjanja kweli. Nikamkabidhi fundi rangi: "Weka unyayo, acha hatua, weka unyayo, mpaka kwenye kibuyu chirizi, pale pa kunawia." Nikaenda kwa mwalimu mkuu kunywa chai na mihogo. La kugeuza boksi sikulisema. Nililiwaza tu, tena kwa nguvu zangu zote.

Nilipotoka kiza kimeshaingia. Fundi akasema kazi imekwisha, nikamlipa.

Jumatatu nikaketi chini ya mwembe na fomu zangu: ametoka chooni, amenawa kwa sabuni, amenawa maji matupu, hajanawa. Mapumziko ya saa nne yakafika. Watoto wakaja mbio, wakafika kwenye kona ya choo, wakasimama kama waliokuta nyoka. Mmoja akasogea, akainama, akaangalia, akatimka. Hakuingia mtu. Nikajipa moyo: labda leo wamekunywa uji kidogo.

Ustadh wa madrasa ya jirani alikuwa anapita. Tukasalimiana, akasimama kuitazama kazi yangu kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Huyu aliyetoka chooni," akasema, "adabu anayo, maana katoka na mguu wa kulia. Ila wa kushoto kauacha wapi?"

Ndipo nikaangalia. Nyayo kumi na saba za rangi ya njano, namba 44, zote za kulia, zimetoka mlangoni mwa choo zikirukaruka mpaka kwenye maji. Na kwetu pwani, anayeishi chooni hahitaji kutajwa.

Nikampigia fundi. "Bosi," akanijibu, "umenipa mguu mmoja, nimeweka mguu mmoja."

Kabla sijamjibu, akaingia mama wa nyumba ya pili, kajifunga kanga kiunoni, anamtaka mwalimu mkuu. "Mwalimu, choo changu kimekuwa cha serikali lini? Watoto foleni mpaka barazani!" Nikamfuata kwenda kuomba radhi. Foleni ilikuwepo kweli. Mlangoni pa choo bibi mmoja kaketi kwenye kigoda, mbele yake beseni, kata ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Kila mtoto akitoka anadakwa kifundo cha mkono. "Wewe! Utoke kwangu na mkono wa choo?" Watoto wote, sabuni wote, mpaka kwenye kucha. Asilimia 100, na mimi fomu nimeiacha chini ya mwembe. Isitoshe, bibi hakuwemo kwenye pendekezo la utafiti.

Jioni nikaingiza takwimu. Walionawa: sifuri. Waliotoka chooni: sifuri. Excel ikanirudishia #DIV/0!, yaani haigawanyi kwa sifuri, na mkubwa wangu akapiga simu kuuliza mbona kiashiria kimeandika matusi.

Usiku uleule fundi akarudishwa kuchora za kushoto. Boksi la kwanza lilikuwa limelowa rangi na kunyauka, akakata jingine kwa mguu wake mwenyewe, na yeye ni mtu mdogo, namba 38. Rangi ya njano ilikuwa imekwisha, akatumia nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya saluni. Mimi safari hii nilisimama naye na tochi, lakini nilichokuwa nakagua ni kulia na kushoto tu.

Jumanne asubuhi watoto wakaja polepole mpaka kwenye ile kona. Wakaangalia nyayo kubwa za njano, na pembeni yake ndogo nyekundu, zikienda sambamba. Kimya. Kisha binti mmoja wa darasa la pili akapiga kigelegele.

"Jini kaoa!"

Choo kikajaa mpaka kengele ikalia, kila mtu anataka kumwona bibi harusi. Nikaandika haraka ya binti yule: wa kike, ametoka, amenawa, sabuni ndiyo. Chini ya fomu kuna sehemu ya kueleza sababu, na nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu, akimkaripia mwenzake: harusini hatuendi na mikono michafu. Peni ikabaki hewani.