Shusheni simu, na sisi tuone
Asubuhi ile Florence, kule Italia, ilinipendeza. Nilivuka daraja la Ponte Vecchio kwa miguu, nikala mkate wa lampredotto, yaani tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa hadi likalainika kuliko utumbo wowote niliowahi kula. Kisha nikaingia Uffizi, jumba la sanaa, kumwona Venus, mungu wa kike wa mapenzi, wa mchoraji Botticelli, mchoro wa miaka ya 1480, upana wake karibu mita 3.

Nikaona simu! Mikono juu, migongo mbele yangu. Mtu anapiga picha, anaupa mchoro kisogo ajipige na yeye, huyoo, kaondoka. Hata dakika moja hakuutazama kwa macho yake. Jamani, nauli yote ile! Pigeni moja, basi, halafu mtupishe. Zile nywele za Venus zinazopeperushwa na upepo nilitamani kuziona tangu shuleni.